Somo la Mazungumzo Huanza Mazungumzo ya Kwanza Yanapokwisha

Walimu wengi wa lugha za kigeni wamekwisha kukubali kwamba lugha hufunzwa kwa kuzungumzwa, na kwamba mwanafunzi aliyekariri minyambuliko yote ya vitenzi bila kupata nafasi ya kuitumia mbele ya mtu anayemsikiliza atabaki bubu siku atakapoihitaji. Hilo halina ubishi mkubwa tena, na sioni haja ya kulirudia. Kinachonisumbua ni jambo linalofuata, ambalo halijadiliwi sana: mwalimu akishaamua kwamba kipindi chake ni cha mazungumzo, anazipanga vipi dakika 60 alizopewa? Katika madarasa mengi niliyopata kukaa na kuyatazama, hazipangwi kabisa. Mada hutajwa, swali likaulizwa, wanafunzi wakaambiwa wazungumze, na mwalimu akapita kati ya meza kwa uso wa furaha mpaka muda ukaisha. Wanafunzi huondoka wamechangamka, na baada ya miezi sita husema mambo yale yale kwa makosa yale yale, ila kwa kasi zaidi.

Ninaamini kwamba mazungumzo ya kwanza juu ya jambo lolote ni malighafi tu. Somo lenyewe ni ile kazi inayofanyika baina ya mazungumzo ya kwanza na ya pili, na kipindi ambacho hakina mazungumzo ya pili, juu ya jambo lile lile, kimeishia njiani hata kama kilikuwa na kelele nyingi za kupendeza.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayotuumbua haraka. Chukua darasa la wanafunzi 20 na kipindi cha dakika 60. Mwalimu akisema yeye kwa nusu ya muda, jambo ambalo hutokea kwa urahisi hata kwa mwalimu mwenye nia njema, zinabaki dakika 30. Akizigawa kwa kumuuliza mwanafunzi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anapata dakika moja na nusu, na ndani yake mna kujikuna kichwa na kutafuta neno. Dakika hizo hizo 30 zikitumiwa kwa mazungumzo ya wawiliwawili, kila mwanafunzi anapata dakika 15, yaani mara kumi ya zile za mwanzo, bila kuongeza hata dakika moja kwenye ratiba. Hakuna kitabu kipya wala kifaa kinachoweza kuleta ongezeko la namna hiyo.

Hata hivyo, tatizo la kumuuliza mmoja mmoja haliishii kwenye uchache wa dakika. Mwaka 1975, John Sinclair na Malcolm Coulthard, waliokuwa wakichunguza maongezi ya darasani nchini Uingereza, walieleza muundo ambao kila mwalimu ataujua akiusikia: mwalimu huanzisha kwa swali, mwanafunzi hujibu, kisha mwalimu hutoa tathmini au maoni. Katika zamu tatu za muundo huo, mbili ni za mwalimu. Mwanafunzi hujifunza kujibu, na hapo ndipo ujuzi wake unapokoma. Hajifunzi kuanzisha jambo, kumkatiza mwenzake kwa adabu, kubadili mada, kuomba afafanuliwe, wala kukataa hoja bila kugombana. Baraza la Ulaya lilipotoa mfumo wake wa viwango vya lugha mwaka 2001, lilitenganisha kusema peke yako na kusemezana na mwingine, likavitazama kama stadi mbili. Ninaona lilifanya vyema, kwa maana anayeweza kutoa hotuba ya dakika tatu aliyoitayarisha anaweza kukwama kabisa pale msikilizaji atakapomwuliza, “Una maana gani?”

Kwa hiyo kazi ya wawiliwawili ni lazima. Lakini kuwaambia wanafunzi wageukiane hakutoshi, na hapa ndipo ningependa nikae kidogo, kwa sababu dakika zinazodharauliwa kuliko zote katika darasa la mazungumzo ni dakika za ukimya.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la Kiswahili kwa wageni. Mwanafunzi mmoja, mtu wa makamo, aliulizwa alifanya nini juzi usiku. Alitazama meza. Midomo yake ilianza kuchezacheza bila sauti, akakunja kidole cha kwanza, kisha cha pili, nami nikaelewa kwamba alikuwa akiunganisha kiambishi cha nafsi na cha wakati kabla hajathubutu kulitoa neno. Mwalimu alisubiri kwa muda wa kupepesa jicho mara mbili, kisha akaingia kumsaidia: “Ulipika? Ulisoma?” “Ndiyo,” akajibu yule bwana, “nilisoma,” akavikunjua vidole vyake. Sikupata kujua alichotaka kusema. Nina hakika hakikuwa hicho.

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza masomo ya sayansi katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida husubiri sekunde moja hivi baada ya swali kabla ya kuuliza tena au kumtaja mwingine, na kwamba wakijizuia mpaka sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi huwa marefu zaidi na wanaojitokeza kujibu huongezeka. Wale walikuwa wakijibu kwa lugha waliyokuwa wakiijua. Anayejibu kwa lugha ya kigeni ana mzigo mwingine juu ya ule: lazima apate wazo, atafute maneno, ayapange kwa kanuni ambazo bado hazijamwingia mwilini, kisha ayatamke, na yote hayo huku macho ya watu yakimtazama. Kumsubiri mtu huyo kwa sekunde moja ni kumnyang'anya zamu yake.

Zaidi ya kusubiri baada ya swali, kipindi kinahitaji ukimya uliopangwa kabla ya mazungumzo yenyewe. Pauline Foster na Peter Skehan, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1996, waliwapa wanafunzi dakika kumi za kujiandaa kabla ya kufanya kazi ya kuzungumza, wakaona kwamba waliojiandaa walisema kwa ufasaha zaidi na kwa sentensi changamano kuliko wale walioanza papo hapo. Mwalimu wa kawaida hana dakika kumi za kutoa, nami nimeona nne zikitosha, mradi ziwe nne kweli: kalamu mkononi, hakuna anayeongea, maneno machache tu yakiandikwa, sentensi nzima hapana. Anayeandika sentensi nzima ataisoma, na kusoma kwa sauti si kuzungumza. Baadhi ya walimu huogopa kwamba mkaguzi akiingia wakati huo ataona darasa limelala. Naomba wasiogope, kwani dakika hizo ndizo zinazomwezesha mwanafunzi mwenye haya kuingia kwenye mazungumzo akiwa na kitu mkononi, naye yule msemaji sana hulazimika kufikiri.

Kuhusu mada nitasema machache. Kuwaambia watu wawili “jadilini usafiri” ni kuwaomba wazungumze pasipo sababu, nao watamaliza baada ya dakika moja. Pana haja ya pengo: mmoja ajue jambo ambalo mwenzake halijui na analihitaji ili wafikie uamuzi. Mmoja ana ratiba ya matumizi ya ukumbi, mwenzake ana orodha ya watu wanaoutaka pamoja na masharti yao. Lazima wakubaliane nani aingie lini. Katika hali hiyo kuulizana “umesema saa ngapi?” si zoezi tena. Ni haja. Michael Long, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza lugha ya pili, alijenga hoja yake tangu miaka ya 1980 juu ya jambo hilo hilo, kwamba kule kukwama, kuulizana na kurekebishana ili maana ieleweke ndiko kunakomsogeza mwanafunzi mbele.

Sasa mazungumzo ya kwanza yamekwisha. Katika darasa la kawaida mwalimu hupiga makofi, huuliza wawili watatu walisema nini, husema “vizuri sana” na kuhamia mada nyingine. Hapo ndipo kipindi kinapopotea, kwa sababu wakati huo wanafunzi wako tayari kujifunza kuliko wakati mwingine wowote: wametoka kukwama, wanajua hasa walikwama wapi, na swali bado liko moto vichwani mwao.

Mtu atasema kwamba makosa yalikwisha kurekebishwa wakati wa mazungumzo. Hebu tuangalie urekebishaji huo unavyokuwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anasema, “Kitabu yangu imepotea.” Mwalimu, kwa upole, anajibu, “Lo, kitabu chako kimepotea? Kimepotea wapi?” Mwanafunzi anasema, “Ndani ya basi. Imepotea jana.” Mwalimu amerekebisha, tena kwa adabu, lakini mwanafunzi amesikia swali tu. Hana sababu ya kuhisi kwamba “chako” na “kimepotea” vilitamkwa kwa ajili yake, kwani katika maongezi ya kweli mtu hurudia maneno ya mwenzake kwa sababu nyingi, ikiwemo mshangao. Roy Lyster na Leila Ranta walirekodi madarasa ya watoto waliokuwa wakisoma kwa Kifaransa nchini Kanada, na mwaka 1997 walionyesha kwamba marekebisho ya namna hii ndiyo waliyoyapenda walimu kuliko yote, yakiwa 55% ya marekebisho yote, huku 31% tu kati yake yakifuatwa na ishara yoyote kwamba mwanafunzi ameyapokea. Pale mwalimu alipomwachia mwanafunzi kazi ya kujirekebisha kwa kuanza kusema “Kitabu…?” na kunyamaza, mwitikio ulipatikana kila mara. Ni kweli kwamba kutoonyesha ishara si ushahidi kwamba mwanafunzi hakujifunza kitu, na wapo watafiti wanaoutetea urekebishaji huu wa chinichini. Lakini mwalimu mwenye dakika chache asitegemee chombo ambacho hawezi kuona kama kimefanya kazi.

Ninachopendekeza ni kwamba wakati wa mazungumzo ya kwanza mwalimu asirekebishe karibu chochote. Ashike karatasi, apite taratibu, asimame pembeni bila kumkabili yeyote, na aandike sentensi kama zilivyotamkwa, bila majina. Kisha achague sita na kuziandika ubaoni: nne zenye kasoro na mbili nzuri. Zile mbili ni muhimu kama zile nne, kwa sababu darasa ambalo ubao wake huonyesha makosa peke yake huwafunza watu kunyamaza. Wanafunzi, wawiliwawili, watafute zipi zina kasoro na wazirekebishe wenyewe. Ndipo mwalimu afundishe. “Kitabu yangu imepotea” ikikaa ubaoni, upatanisho wa kisarufi wa ngeli ya KI-VI unapata sababu ya kufundishwa dakika ile, kwa watu waliouhitaji robo saa iliyopita na watakaouhitaji tena baada ya dakika kumi. Sarufi inayofika wakati huo hupokewa kwa hamu ambayo sijaiona ikitolewa kwa sarufi inayotangulia mazungumzo.

Baada ya hapo, warudi kuzungumza. Jambo lile lile, mtu mwingine.

Najua pingamizi la kwanza litakuwa kwamba watachoka. Hawachoki, kwa sababu msikilizaji ni mpya, na kwake habari ni mpya. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha wa New Zealand, ameandika sana juu ya zoezi ambalo msemaji husimulia jambo lile lile kwa wasikilizaji watatu tofauti, kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Katika masimulizi ya tatu watu husema kwa kasi kubwa zaidi na kwa kusitasita kidogo, na sababu yake haifichiki: wazo limekwisha kupatikana, maneno yamekwisha kutafutwa mara mbili, hivyo akili inapata nafasi ya kushughulikia umbo. Pasipo hatua ya ubaoni katikati, mazungumzo ya pili yanaweza kukomaza kosa. Ikiwepo, mwanafunzi anaingia akiwa na sentensi iliyonyooshwa ambayo anatamani kuitumia. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akiiingiza sentensi ya ubaoni kwa nguvu mahali isipohitajika sana, kwa furaha tu ya kuimiliki, nami sikuona ubaya wowote.

Pingamizi zito zaidi lilitolewa na N. S. Prabhu, aliyeongoza mradi wa ufundishaji wa Bangalore nchini India kati ya 1979 na 1984. Yeye aliitetea kazi yenye lengo, yaani kufunza lugha kwa kuwapa wanafunzi jambo la kutatua, kuliko wengi waliomtangulia, lakini hakuitaka kazi ya vikundi, akihofia kwamba wanafunzi wakisemezana wenyewe kwa wenyewe watathibitishiana makosa. Hofu hiyo si ya kubezwa, na mwalimu yeyote mwenye wanafunzi wote wa lugha moja ya kwanza anaijua. Hata hivyo, Michael Long na Patricia Porter walipokusanya utafiti uliokuwepo mwaka 1985, walionyesha kwamba wanafunzi hawakosei zaidi wanapozungumza wao kwa wao kuliko wanapozungumza na mjuzi wa lugha, na kwamba ni nadra sana kwa mmoja kumwambukiza mwenzake kosa kwa kumrekebisha vibaya. Ninaposoma hoja ya Prabhu leo, naiona kama onyo dhidi ya mazungumzo yasiyo na hatua ya kuyakagua, na katika hilo ninakubaliana naye.

Wapo pia wanaodai kwamba darasa la mazungumzo lisiwe na kitu kingine ila mazungumzo. Hao nao wamezidisha. Nation anashauri kwamba kozi nzima igawe muda wake kwa mafungu manne yanayokaribiana: kusikiliza na kusoma kwa ajili ya maana, kusema na kuandika kwa ajili ya maana, kujifunza lugha yenyewe kwa makusudi, na kukuza ufasaha kwa kutumia yale yaliyokwisha kujulikana. Darasa la mazungumzo linaweza kuegemea upande wa kusema, lakini mwanafunzi ambaye hakusikia watu wenye ufasaha wakifanya kazi anayotakiwa kuifanya ataijenga kwa mbao za lugha yake mwenyewe. Rekodi fupi ya wajuzi wawili wakipanga ratiba ya ukumbi, isikilizwe mara mbili, inatosha.

Nikizipanga dakika 60, basi, ninazipata hivi. Tano za mwanzo ni za kurudia mazungumzo ya kipindi kilichopita na mwenzi mwingine. Saba ni za kusikiliza. Nne ni za ukimya. Kumi ni za mazungumzo ya kwanza, na kumi na mbili za ubaoni. Kumi na nane ni za mazungumzo ya pili kwa mtindo wa nne, tatu na mbili, kwa kuwa kila mmoja wa wale wawili anahitaji dakika zake tisa. Zilizobaki huliwa na kuhama viti, na mwalimu anayesema hazitaliwa hajawahi kuhamisha watu 20 katika chumba chenye meza nzito. Mgawanyo huu unampa kila mwanafunzi zaidi ya dakika 16 za kusema, tofauti na ile moja na nusu tuliyoanza nayo. Namba zenyewe si amri. Mwenye kipindi cha dakika 40 atapunguza kila mahali, ila namsihi asiufute ubao wala mazungumzo ya pili, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyofutwa kwanza pindi muda unapobana.

Dakika tano za mwanzo zinastahili neno zaidi, kwa kuwa kwa kawaida huliwa na desturi. Mwalimu huzunguka duara akimwuliza kila mmoja habari za mwisho wa juma, kila mmoja hujibu kwa sentensi aliyoijua tangu mwezi wa kwanza wa masomo, na robo saa imekwenda. Kusalimiana ni jambo jema, lakini kuwasalimu watu 20 mmoja mmoja mbele ya wengine 19 walio kimya ni matumizi mabaya ya muda. Kuanzia Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, imejulikana kwamba kinachorudiwa baada ya muda kupita hukaa kichwani kuliko kinachorudiwa kwa mfululizo. Mazungumzo ya Jumatatu yakifufuliwa Alhamisi, mbele ya msikilizaji mpya, yanaifanya kazi hiyo bila kuhitaji mtihani wala kadi za msamiati.

Kwa mwalimu mwenye shaka napendekeza jaribio dogo. Achague jozi moja, kwa ridhaa yao, aweke simu mezani na kuwarekodi katika mazungumzo ya kwanza, kisha amrekodi mmoja wao katika masimulizi ya tatu. Asisikilize darasani, asikilize jioni, peke yake, kwanza ya kwanza kisha ya tatu. Asihesabu makosa, maana yatakuwepo kote kuwili. Atafute mahali ambapo mara ya kwanza mwanafunzi alinyamaza, au aligeukia lugha yake mwenyewe, au aliliacha wazo njiani na kusema jambo jepesi zaidi, kisha asikilize ni kwa maneno gani alipita mahali hapo mara ya tatu.